Salio Lipi? Namna ya Kuandika Stori za Programu na Kuzikadiria

Mwaka 2005 kampuni za Vodafone na Safaricom zilianza kujaribu mfumo mpya wa simu Nairobi na Thika. Mfumo huo ulikuwa na kazi moja: kuwawezesha wakopaji wa taasisi ya Faulu Kenya kupokea mikopo midogo na kuirejesha kwa simu. Programu ilitengenezwa na kampuni ya Sagentia ya Cambridge, Uingereza, mbali kabisa na maduka ya mawakala wa Thika. Wateja wa majaribio walipopata simu mikononi, walifanya mambo ambayo hayakuwa kwenye mpango. Kuna waliowatumia jamaa zao fedha. Kuna walioweka fedha kwa wakala kabla ya safari na kuzitoa walikofika, wasije wakaporwa njiani. Wafanyabiashara wengine waliugeuza mfumo kuwa sefu ya kulaza mauzo ya siku. Marejesho ya mikopo, ambayo ndiyo sababu ya mradi kuwepo, yakasumbua, kwa kuwa kumbukumbu za simu hazikuoana kirahisi na vitabu vya taasisi. Huduma ilipozinduliwa rasmi Kenya mwezi Machi 2007 kwa jina la M-Pesa, mikopo ilikuwa imewekwa kando, na matangazo yalihimiza watu watume pesa nyumbani.

Nick Hughes na Susie Lonie, waliouongoza mradi huo kwa upande wa Vodafone, walijifunza hayo kwa kukaa karibu na wateja na kuwatazama. Timu nyingi za programu hazina desturi hiyo. Zinapokea waraka mnene wa mahitaji, zinajifungia miezi kadhaa, kisha zinatoka na mfumo unaofanya kila kilichoandikwa lakini haumfai anayeutumia. Stori za watumiaji, mtindo wa kueleza mahitaji unaopendwa na timu za Agile (zinazojenga programu kwa vipande vifupi zikimsikiliza mteja), zilibuniwa kuzuia hasara ya namna hiyo. Kwa bahati mbaya zimeenea kuliko zilivyoeleweka. Ni jambo la kawaida leo kukuta stori ni kisanduku kwenye programu ya Jira kilichojazwa na mtu mmoja, kikapewa namba na mwingine, bila wawili hao kukaa na kukizungumzia hata kwa dakika tano.

Asili ya stori iko kwenye ofisi ya mishahara. Mwaka 1996 mtaalamu wa programu Kent Beck aliitwa kuunusuru mradi wa mishahara wa kampuni ya magari ya Chrysler, Marekani, uliojulikana kwa kifupi kama C3. Mfumo ulikusudiwa kuwalipa wafanyakazi wapatao 87,000. Beck, pamoja na Ron Jeffries, aliwaomba watu wa mishahara waeleze wanachohitaji kwa maneno yao wenyewe, kila hitaji kwenye kadi moja ya karatasi. Mwaka 1997 mfumo ulianza kulipa watu kama 10,000. Mwaka 2000 Chrysler, ambayo kwa wakati huo ilikuwa imeungana na Daimler ya Ujerumani, iliufuta mradi kabla haujawafikia waliobaki. Wahubiri wa Agile hupenda kuiruka sehemu hiyo ya mwisho, na hawatendi haki: kadi nzuri haziuokoi mradi dhidi ya kila kitu. Hata hivyo namna ile ya kufanya kazi haikufa. Beck aliieleza kwenye kitabu mwaka 1999, na mwezi Februari 2001 yeye, Jeffries na wenzao, jumla watu 17, walikutana Snowbird katika jimbo la Utah na kutoa tamko lililoipa Agile jina lake.

Mwaka huohuo Jeffries aliigawa stori katika sehemu tatu: kadi, mazungumzo na uthibitisho. Kadi ni sentensi moja au mbili za kukumbusha. Mazungumzo ni kikao kati ya anayehitaji na wanaotengeneza. Uthibitisho ni mifano itakayoonyesha kwamba kazi imekamilika. Sehemu ya katikati ndiyo stori yenyewe. Alistair Cockburn, mwingine wa wale 17, alikuwa ameshaiita kadi ahadi ya mazungumzo. Anayeandika kadi ndefu ili asiulizwe maswali amerudia waraka mnene, ila ameukata vipande.

Mfano wa kubuni utalionyesha jambo hili vizuri zaidi. Chama cha akiba na mikopo (SACCOS) cha walimu wa wilaya moja kinataka wanachama wake wapate huduma kwa simu. Stori ya kwanza kuandikwa ni hii: kama mwanachama, nataka kuona salio langu kwa simu, ili nisifunge safari kwenda ofisini.

Inaonekana nyepesi. Developa akiisoma peke yake atasema ni kazi ya siku moja, kwani ni kusoma namba kwenye hifadhidata na kuionyesha. Mweka hazina akikaa naye, swali linazuka mara moja: salio lipi? Mwanachama ana hisa, ana akiba, na huenda ana deni. Tena akiba yake si yote iliyo huru. Akimdhamini mwenzake, sehemu ya akiba hufungwa mpaka mkopo ule uishe. Kenya suala hili lina sura nyingine kabisa: amana za upande wa BOSA, yaani akiba zinazodhamini mikopo, kwa kawaida hazitolewi hadi mwanachama ajitoe, ilhali za FOSA, yaani upande wa kaunta, huchukuliwa kama za benki. Sasa mwalimu akiona shilingi 600,000 kwenye simu, akapanda gari hadi wilayani, akaambiwa anaweza kuchukua 400,000 tu, programu itakuwa imemdanganya ingawa haikukosea hesabu.

Kutoka kwenye swali hilo ndipo uthibitisho unapopatikana, na namna bora ya kuuandika ni kwa mifano yenye watu na fedha. Mwanachama mwenye akiba ya 600,000 aliyemdhamini mwenzake kwa 200,000 aone mistari mitatu: akiba 600,000, iliyofungwa 200,000, anayoweza kutoa 400,000. Asiyemdhamini mtu asionyeshwe kabisa mstari wa fedha zilizofungwa. Aliyesimamishwa uanachama apate ujumbe wa kumwelekeza ofisini, asionyeshwe sifuri ikamshtua. Mifano mitatu au minne ya aina hiyo inatosha kwa stori moja. Ikifika kumi, ndani ya kadi hiyo kuna stori zaidi ya moja. Maneno kama "haraka", "rahisi" na "ya kisasa" hayana nafasi hapa, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kuyajaribu. Anayetaka haraka aseme jibu lifike ndani ya sekunde ngapi, na kwa mtandao wa wapi.

Ni vizuri anayejaribu programu awepo kwenye kikao hiki tangu mwanzo, asiitwe kazi ikiisha. Yeye ndiye mwenye tabia ya kuuliza yasiyopendeza: mwanachama aliyefariki je? Aliyebadilisha namba ya simu je? Laini ikiwa imesajiliwa kwa jina la mume?

Ile sentensi ya "kama fulani, nataka kitu, ili nipate faida" ilianzia Connextra, kampuni ndogo ya London, mnamo 2001. Ilikusudiwa kuwakumbusha watu maswali matatu: nani, nini, kwa nini. Siku hizi inakaririwa tu, na dalili zake ziko wazi. Stori inayoanza na "kama mtumiaji" haimtaji mtu yeyote, kwani mweka hazina na mwalimu wa kijijini wote ni watumiaji na mahitaji yao yanagongana. Inayosema "kama mfumo, nataka jedwali la wanachama" ni kazi ya fundi iliyovalishwa joho lisilo lake. Ni afadhali kazi ya aina hiyo iandikwe waziwazi, kwa mfano "hamishia data kwenye seva mpya kabla ya leseni kuisha". Hakuna kanuni inayokataza. Hata Mwongozo wa Scrum, mojawapo ya mbinu za Agile, wanaoutegemea wengi kama msahafu, hauzitaji kabisa stori za watumiaji wala pointi za kuzikadiria.

Kipande chenye thamani kubwa kwenye sentensi hiyo ni "ili", na ndicho kinachojazwa kwa uvivu zaidi. Turudi kwenye SACCOS. Mweka hazina anasema anataka kupakua orodha ya marejesho kwenye Excel kila mwisho wa mwezi. Timu inaweza kumpa hicho anachotaka na kuondoka. Lakini akiulizwa ni ili iweje, ataeleza kwamba marejesho hukatwa kwenye mishahara ya walimu, mwajiri humletea orodha ya makato, naye hukaa siku nzima akilinganisha orodha mbili kwa macho ili awajue ambao hawakukatwa. Kumbe shida yake si Excel. Anachohitaji ni majina ya walioachwa, pamoja na waliokatwa pungufu. Stori mpya inamwokolea siku nzima, na huenda ikawa fupi kuliko ya kwanza. Bila "ili" ya kweli, timu ingemjengea kitufe cha kupakua na kumwachia kazi yake ileile.

Mwaka 2003 Bill Wake alitunga vigezo sita vya stori nzuri, ambavyo mafunzo mengi ya Agile huvitaja hadi leo: isimame peke yake, ijadilike, iwe na thamani, ikadirike, iwe ndogo, ijaribike. Vinavyovunjwa mara nyingi ni thamani na udogo, tena vinavunjwa kwa pamoja. Timu ikiona stori kubwa, kwa mfano "mwanachama aombe mkopo kwa simu", huikata kwa mlalo: kwanza hifadhidata ya mikopo, kisha seva, kisha skrini. Vipande ni vidogo kweli, ila hakuna hata kimoja ambacho mwalimu anaweza kukitumia. Wiki sita zinapita kabla ya mtu wa nje kuona chochote, na kosa la wiki ya kwanza linagundulika ya sita.

Kukata kwa wima kunahitaji kuijua biashara. SACCOS nyingi zina mkopo wa dharura, mdogo, usiodai mlolongo wa wadhamini kama mkopo mkubwa. Huo ndio uwe wa kwanza. Mwanachama aombe mkopo wa dharura, ofisa aukubali au aukatae, mwanachama apate ujumbe. Ni kipande chembamba, lakini kinapita kutoka simu ya mwalimu hadi leja ya mweka hazina, na kinaweza kutumika hata kama vingine havijaanza. Wadhamini waje baadaye kama stori nyingine. Mkopo wa kuongezea juu ya mkopo usioisha uje baadaye zaidi, maana hesabu zake ni mtihani. Fedha zenyewe kwa kuanzia zinaweza kulipwa kwa mkono na ofisa aliyeona ombi kwenye kompyuta. Madevelopa wengi huona aibu kuacha sehemu ya mkono kwenye mfumo wao. Aibu hiyo haina msingi: kama maombi ni matano kwa wiki, ofisa atayamudu.

Mazingira nayo hukata stori. Ukurasa mmoja wa USSD, ile menyu inayofunguliwa kwa nyota na reli, hauzidi herufi 182, na kikao chake hukatwa na mtandao mtu akichelewa kujibu. Maelezo ya mkopo yanayojaa vizuri kwenye simu janja hayaingii humo. Kwa hiyo "kwa simu" si njia moja, na stori ya USSD na ya simu janja zitenganishwe. Kuna pia jambo ambalo ni vigumu kulikosa kwenye mfumo wowote wa malipo Afrika Mashariki: mtandao unakatika katikati, mteja hajui kama fedha zimekwenda, anabonyeza tena. Mfano wa uthibitisho uandikwe mapema kwamba ombi moja likifika mara mbili, fedha zikatwe mara moja. Timu inayoliacha hilo hadi mwisho italirekebisha huku wateja wakiwa mlangoni.

Baada ya hapo ndipo makadirio yanapoanza, na hapa panahitaji unyenyekevu. Binadamu ni mkadiriaji mbaya wa kazi yake mwenyewe. Mwaka 1994 Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross walichapisha utafiti uliowauliza wanafunzi wa chuo watamaliza lini tasnifu zao. Kwa wastani walisema siku 34. Walitumia zaidi ya 55. Hawakuwa wavivu wala waongo. Mtu akikadiria hupiga picha ya kazi ikienda vizuri, na picha hiyo haina umeme uliokatika, wala mtoto aliyeugua, wala kampuni ya simu iliyochelewa kujibu barua pepe.

Ugonjwa wa pili wa makadirio ni kuvutwa na namba ya kwanza kutajwa. Wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman waliueleza mwaka 1974 kwa jaribio linaloihusu Afrika. Watu walizungushiwa gurudumu la namba lililotegeshwa lisimame kwenye 10 au 65, kisha wakaulizwa nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa. Kwa walioona 10, jibu la katikati lilikuwa 25. Kwa walioona 65, lilikuwa 45. Gurudumu halikuwa na uhusiano wowote na swali, lakini liliwavuta. Sasa fikiria kikao ambamo mkuu wa idara anafungua kwa kusema, "Hii si ni ya siku mbili tu?" Yeye ni gurudumu lenye mamlaka ya kuajiri na kufukuza.

Mwaka 2002 James Grenning alibuni mchezo wa karata unaosaidia kukwepa hayo, ulioenea baadaye kupitia vitabu vya Mike Cohn. Kila mwanatimu ana karata zenye namba: 1, 2, 3, 5, 8, 13 na kuendelea. Stori inasomwa, maswali yanaulizwa, kila mtu anachagua karata na kuilaza kifudifudi, kisha zote zinafunuliwa kwa mkupuo. Hakuna anayemfuata bosi kwa kuwa hakuna anayeijua namba ya bosi. Wenye namba ya juu kabisa na ya chini kabisa wanajieleza, halafu karata zinachezwa upya. Nafasi kati ya namba hupanuka kwa makusudi, kwani tofauti ya 1 na 2 inaonekana, ila hakuna awezaye kutofautisha kazi ya 20 na ya 21.

Namba hizo, zinazoitwa pointi, ni za kulinganisha, hazina saa ndani yake. Mama wa sokoni anapopanga mafungu ya nyanya hana mizani. Anatazama fungu lililopo na kulifananisha na jipya, na wateja wanaridhika. Timu nayo ichague stori moja iliyokwisha kufanywa na inayojulikana na wote, iipe 3, na kila mpya ipimwe kwayo: ni kubwa zaidi, ndogo zaidi, au inalingana? Stori hiyo ya mfano ibandikwe ukutani. Bila yake, baada ya miezi michache 3 ya mmoja haitakuwa 3 ya mwingine.

Kwenye SACCOS yetu, stori ya salio inafunuliwa: karata 2 kwa developa mgeni, 13 kwa aliyewahi kufanya kazi na vyama vya akiba. Wengi hapa hukosea kwa kuchukua wastani na kuandika 8 ili kikao kiishe. Pengo hilo ndilo faida yote ya mchezo. Mwenye 13 anajua kuhusu akiba zilizofungwa kwa udhamini. Mwenye 2 hajui. Akishaeleza, ama wote wanapanda, ama mweka hazina anasema awamu ya kwanza ionyeshe akiba iliyo huru tu, na wote wanashuka. Namba iliyobaki kwenye kadi haina thamani kubwa ikilinganishwa na dakika hizo tano. Karata zisipokubaliana mara ya tatu, stori haijaiva. Irudi kwa mwenye bidhaa, yaani anayeamua nini kijengwe. Na ikizidi 13, ikatwe.

Kuna stori zisizokadirika kwa sababu hakuna anayejua. Kuunganisha mfumo na malipo ya kampuni ya simu ni mfano mzuri: nyaraka zinaweza kusema hivi na seva ikafanya vile. Kubuni namba hapo ni kujidanganya. Itengwe kazi fupi ya uchunguzi yenye ukomo, tuseme siku mbili, ambayo zao lake ni jibu na si programu: je, inaunganika, na inahitaji vibali gani? Baada ya hapo stori ikadiriwe.

Pointi zenyewe zina historia inayofaa kujulikana na mameneja. Jeffries alisimulia mwaka 2019 kwamba mwanzoni wao walikadiria kwa siku, wakimaanisha siku ambayo mtu haingiliwi na chochote, kisha wakazidisha kwa takriban tatu ili kupata siku halisi. Wakubwa walishindwa kuelewa kwa nini kazi ya siku moja inachukua tatu. Basi wakaacha kuziita siku, wakaziita pointi. Katika maelezo hayohayo Jeffries alisema huenda yeye ndiye aliyezibuni, na kama ni hivyo, anaomba radhi. Alichukizwa na namna zilivyogeuzwa fimbo.

Na fimbo hiyo ipo huku Afrika Mashariki pia. Meneja anaona timu A imemaliza pointi 40 na timu B 22, anaitisha kikao cha kuiuliza timu B kulikoni. Wiki mbili baadaye timu B imemaliza 44. Hakuna aliyeongeza juhudi. Stori zilizokuwa 3 sasa zinaitwa 5 na zilizokuwa 5 zinaitwa 13. Kulinganisha timu kwa pointi ni upuuzi, kwa kuwa kila timu ina kipimo chake. Kuziweka kwenye tathmini ya mwaka ya mfanyakazi ni vibaya zaidi: kuanzia siku hiyo namba zote ni za uongo na utabiri hauwezekani tena.

Matumizi halali ya pointi ni kutabiri, tena kwa masafa. Tuseme katika sprinti (vipindi vifupi vya kazi) sita zilizopita, kila moja wiki mbili, timu ilimaliza pointi 18, 22, 15, 24, 20 na 21. Wastani ni 20. Zimebaki pointi 140. Kwa mwendo wa kawaida ni sprinti 7, yaani wiki 14. Kwa mwendo bora kuliko wote ni sprinti 6. Kwa mbaya kuliko wote ni 10. Jibu sahihi kwa mkurugenzi ni "kati ya wiki 12 na 20, na tutajua zaidi baada ya wiki nne." Akisisitiza apewe tarehe moja ya kuwatangazia wanachama, apewe ile ya wiki 20. Stori zisizomalizika zisihesabiwe hata kama "zimebaki kidogo", kwani asilimia 90 ya stori ni sifuri kwa mwalimu anayesubiri salio. Timu ambazo stori zake zote ni ndogo na zinakaribiana zinaweza kuachana na pointi na kuhesabu stori zilizokamilika. Kwa timu changa hiyo ndiyo njia nafuu zaidi, na mara nyingi utabiri wake hauachwi mbali na ule wa pointi.

Kinachobaki ni mkataba, ambao ndio uwanja mgumu zaidi kwa kampuni nyingi za programu Afrika Mashariki. Zabuni za umma Tanzania hupitia NeST, mfumo wa ununuzi ulioanza kutumika 2023, na mzabuni hutaja bei huku maelezo ya kazi yakiwa yameshaandikwa na watu ambao huenda hatawaona tena. Makadirio, ahadi na bei ni vitu vitatu, lakini hapo vinasukumwa kwenye namba moja. Pointi zisiingizwe kwenye mkataba wa aina hiyo kamwe. Mteja atazidai kama magunia ya saruji. Kinachowezekana ni kuyachukua mahitaji ya zabuni kama vichwa, kuandika stori chini ya kila kichwa pamoja na watumiaji wenyewe, na kukubaliana kwa maandishi tangu wiki ya kwanza kwamba ndani ya kichwa kimoja stori inaweza kubadilishwa na nyingine ya ukubwa huohuo. Mteja apewe kipande kinachofanya kazi kila baada ya wiki mbili, na kila mara aulizwe: fedha zikiisha leo, kipi tungejuta kwa kutokukifanya?

Msimamizi wa mradi atasema mweka hazina hana nafasi ya kukaa vikao vya namna hii, ana kazi zake. Basi zitafutwe saa mbili kwa wiki, ziandikwe kwenye mkataba kama wajibu wa mteja, na siku ambayo hakutokea yeye wala mwakilishi wake, kikao cha kukadiria kiahirishwe.